Mutoto Chini ya Basini

Mwezi yenye ilipita, ku kilio moja, musiba ya mutaa, kartiye yetu pa Kamina, tulikuwa bamama tunakata sombe, majani ya muhogo. Mama moja pembeni yangu akaanza kuongea ya zamani, ya wakati ya vita. Akasema na sauti mukubwa, bote basikie: «Yule baba wa samaki? Eh! Siye bote tulimutetea. Bila siye, bangemuua.»

Kisu ilisimama mu mukono yangu.

Ile mama, mbele ya Mungu, njo yeye alipigaka makofi ile siku. Njo yeye alisemaka: «Bamupeleke tu ku kampi, siye turudie kusali.» Na leo iko anakata sombe, anakumbuka kama alimutetea. Kitu yenye iliniuma sana njo hii: hakuwa anaongopa. Nilimuangalia macho. Ilikuwa safi. Anajiona kabisa, amesimama, mukono juu, anatetea muntu.

Nilimuambia: «Mama, weye haukumutetea.»

Akacheka. «Ah, weye! Unasahau sana siku hizi.»

Minyi, mimi mwenyewe, njo nasahau! Nilirudi ku nyumba bila kukula bukari, ugali ya kilio, juu ya hasira. Sasa naandika. Kuandika nilijifunza nikiwa tayari mama, ku masomo ya mangaribi, nyuma ya kupika na kufula. Kama kuko makosa, munisamehe. Lakini mambo yenyewe haina makosa.

Ilikuwa wakati ya vita. Treni ilikuwa inafika pa gare kama inapenda, na kama inafika, inajaa basoda. Bwana yangu alikuwa karani ya treni. Vita ilimufungia njia upande ingine, na tulikuwa hatuna habari yake. Nilibakia na mutoto wetu mwanamuke, mudogo, bado hajaanza masomo. Meno ya mbele ilikuwa imeng'oka, na pua yake ilikuwa inatiririka kila siku.

Mu nyumba yangu tulikuwa tulificha masini ya kushona. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya bamama bote ba kanisa. Na ile masini tulikuwaka tunashona nguo ya bana-masomo, na faida ilikuwa inasaidia bajane. Tuliiweka mu chumba ya nyuma, chini ya magunia ya makala. Muntu mwenye aliibeba kutoka kanisa mupaka kwangu ilikuwa baba moja wa muji ya Mulongo. Alikuwaka analeta samaki ya kukauka na kinga yake, baisikeli ya zamani yenye haina hata breki. Anafunga mizigo nyuma na kamba ya pine, mupira ya gari, mupaka wewe unajiuliza kama kinga njo inabeba samaki ama samaki njo inabeba kinga. Alikuwa Mukatolika, siye tulikuwa Bametodiste. Mu muji hakuwa na ndugu. Akifika mu lupango, kiwanja ya nyumba yangu, anaita mutoto yangu na salamu ya Kiluba: «Moyo, mama mukubwa! Leo unanunua samaki ngapi?» Na mutoto anajibu: «Yote! Bwana yangu atalipa!» Banacheka bote babili.

Asubui moja, jua bado haijatoka muzuri, basoda balipiga mulango yetu na matako ya bunduki. Ba upande gani, hata leo sijui. Wakati ile kila upande ilikuwa na njaa. Nilipata paka nafasi moja tu ya kukamata mutoto, kumukalisha chini mu pembe ya jikoni, na kumugeuzia juu yake basini yangu mukubwa ya aluminium, ile ya kufulia bikwembe, nguo zetu. Nilimuambia: «Usilie. Usikohoe. Omba mu roho.»

Baliingia. Balinisukuma ku ukuta. Balienda ku chumba ya nyuma, baliangusha magunia, balitoa masini. Bakakamata na unga. Mu kutoka, moja wao alipita jikoni, akapiga basini teke. Bwaaa! Basini ilibonyea, lakini haikugeuka. Na mutoto hakutoa sauti. Hata kupumua sikusikia.

Kisha kuenda kwao, niliinua basini. Alikuwa amekaa vile vile nilimukalisha, magoti ku kidevu, kamasi mupaka ku mudomo. Nilimukumbatia, nikamuuliza: «Uliona nini?»

«Giza,» akasema. «Na muchanga. Na biatu ilikuwa inafanya ko, ko, ko. Pua yangu ilikuwa inatoka, mama, sikuipanguza, ulisema nisitikisike.»

Basi. Hayo njo maneno yake ya kwanza. Muntu mwingine hakuwa pale kuisikia. Paka minyi na Mungu.

Jua haikupanda hata kidogo, lupango ikajaa bamama. Balikuya kunilia, ni kweli, na balileta maji ya moto na bukari. Sikatae wema yao. Lakini balilia zaidi masini. Na ulizo ilikuwa moja: nani alibaonyesha? Basoda balienda sawa sawa ku makala!

Nilibaambia: «Ku makala? Mu Kamina yote, muntu anafichaka kitu wapi? Si mu makala? Soda mwenye haijui makala, hiyo si soda.»

Habakusikia. Muntu mwenye amepoteza kitu anataka sura ya mwizi, hataki kusikia juu ya makala. Wakamugeukia mutoto.

«Mama kidogo, kuja hapa. Uliona basoda?»

«Nilisikia biatu.»

«Biatu ya basoda peke? Hakuna muntu mwenye alikuwa na sandali? Sandali ya pine, kama ile ya baba wa samaki?»

Mutoto aliangalia ile mama, akaangalia mandazi yenye ilikuwa mu mukono ya ile mama. «Labda,» akasema.

«Munasikia? Amesikia sandali!»

Nilisema: «Amesema labda.» Bakanijibu: «Mama, weye uko na woga, acha mutoto aseme.» Na kesho yake bengine balikuya, bakauliza tena, na sauti ya tamu, wakimushika kichwa. «Na huyu wa sandali, alisimama wapi? Pa mulango?» Ndiyo, pa mulango. «Alikuwa anaonyesha na mukono?» Ndiyo, na mukono. Kila muntu alikuya na ulizo, na ndani ya ulizo jibu ilikuwa tayari inakaa, kama samaki mu kikapu. Mutoto alikuwa paka anaitoa.

Ikafika siku ya kusali ya bamama. Mwenye hajui kanisa yetu, nimueleze. Siku ile kuko ushuhuda. Muntu anasimama, anaeleza giza yenye alipita, hatari yenye ilimufikia, na namna gani mukono ya Mungu ilimutosha mule ndani. Kila pahali inagusa roho, bantu banajibu Amina. Na ushuhuda habaulizie. Muntu anashuhudia, banapokea, banaimba. Kuuliza ushuhuda iko kama kumuuliza Mungu. Mi mwenyewe napenda ile kitu, inanishikilia mupaka leo. Lakini ile siku bakamusimamisha mutoto yangu juu ya kiti. Nilikuwa nimeenda kuchota maji ku bomba ya masomo. Nilirudia, namuona juu ya kiti, na kanisa yote inamuangalia.

«Nilikuwa mu giza,» akasema.

«Amina!»

«Basoda balikuya na biatu.»

«Amina!»

«Na pua yangu ilikuwa inatoka.»

Kimya. Mutoto akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Aliona kama ile haikufaa. Akaendelea:

«Na baba wa samaki alikuwa pa mulango, anabaonyesha na mukono.»

Eh, Vidye, Mungu wangu! Makofi, vigelegele, ngoma, mama moja anaanguka magoti. Mutoto alisimama juu ya ile kiti kama mwenye amepewa taji. Mangaribi, ku nyumba, alieleza jirani tena. Pua haikuwa ndani. Ilikuwa imekufa, juu haikupata Amina. Lakini baba wa samaki sasa alikuwa na taa mu mukono, na alikuwa anacheka. Nilimuweka mbele yangu, nikamuuliza polepole: «Mama yangu, ulimuona na macho yako?» Akaniangalia vile ile mama wa sombe aliniangalia mwezi yenye ilipita. Macho safi. «Nilimuona, mama.» Hakuwa anaongopa. Balikuwa tayari bamepanda ile kitu ndani yake na ilikuwa imeota mizizi.

Nilienda kwa mama kiongozi. Nilimuambia: «Mutoto alikuwa chini ya basini. Ile basini haina tundu. Angeona mulango namna gani?»

Yeye, muntu ya kusali sana, akaniuliza na huruma: «Mama, Mungu anashindwa na aluminium?»

Bengine bakacheka.

«Mungu hashindwe,» nikasema. «Mutoto yangu njo anashindwa.»

Akasema roho yangu imekuwa ngumu, aniombee. Nikasema aombee kwanza baba wa samaki.

Sababu sasa haikuwa tena maneno ya bamama. Komite ya kanisa ilikuwa imesikia. Balituma muntu amungojee yule baba pa barabara ya kuingia muji, na siku ya Mungu, nyuma ya ibada, balimuleta mu kalasi moja ya masomo. Kinga yake balifunga ku muti. Bazee balisema hawataki mambo mingi: bamusikie mutoto, kisha bamukabizi kwa komanda ku kampi ya basoda, maana kuna amri, mwenye anafanya kazi na adui apelekwe kule. Kila muntu mu ile kalasi alijua benye balipelekwa ku kampi banarudia namna gani. Habarudie. Na bantu balikuwa bamekaa na Biblia juu ya magoti.

Baba wa samaki alisimama mbele ya tablo, ubao ya kuandikia, kofia mu mukono. Aliuliza paka kitu moja: «Nani alisema?» Bakamuonyesha mutoto. Alimuangalia. Ile muchezo yao ya samaki ngapi, hakuna mwenye aliicheza ile siku. Mutoto alijificha mu kikwembe yangu.

Niliomba neno. Muzee mwenye alikuwa anaongoza akasema bamama basikilize kwanza. Nikasema mi si bamama, mi ni mama ya shahidi, na shahidi hataongea kama mi siko naongea. Akapumua. «Basi, mama, fupi.»

Nilipiga magoti mbele ya mutoto. Nilifanya ile sauti ya tamu, ile yenye balikuwaka banamuuliza nayo.

«Mama yangu, siku ile basoda baliingia, mbwa yetu ilikuwa inabweka namna gani?»

Akafikiri kidogo. «Hou, hou, hou.»

«Sana?»

«Sana.»

«Ilikuwa rangi gani, sababu bababa hapa habaijue?»

«Mweusi.» Akagusa kifua yake. «Na hapa mweupe.»

Nilikuwa nafungua mudomo niseme, lakini mama moja nyuma, ile mama wa sombe, yeye yule, alinitangulia, akasimama: «Ni kweli kabisa! Hata mi niliisikia! Ilibweka mupaka nilimuambia bwana yangu, sikia, mbwa ya kwa mama karani!»

Nilisimama, nikamugeukia.

«Mama, lupango yako na yangu zinagusana. Kuja sasa unionyeshe mbwa yangu.»

Akafungua mudomo.

«Unionyeshe hata kamba yake. Hata sahani. Mbwa! Mu kartiye yote, na hii njaa, unamujua muntu mwenye alibakia na mbwa?»

Muzee moja pa dirisha, mwenye alikuwa anasinzia tangu mwanzo, akasema: «Mbwa ya kunona hivi, mi ningekuwa tayari nimeikula.» Kalasi ikalipuka. Hata baba wa samaki, na kifo yake mu mulango, nilimuona mudomo inacheza.

Pasta hakucheka. Aliniambia: «Mama, si muzuri kumujaribu mutoto.»

«Pasta,» nikasema, «minyi? Tangu ile asubui hii kanisa yote iko inamujaribu. Munamupatia mandazi, munamupatia Amina, munamupandisha ku kiti. Mi nimemuuliza ulizo moja, vile vile banyi munauliza, na amenipatia mbwa. Banyi amebapatia muntu. Mbwa yangu haiumie. Lakini huyu, mukimupeleka, mutamurudisha kutoka wapi nyuma ya kusikia kama hakuwa pale?»

Muzee ya komite alifunga Biblia yake, akasema mukutano imekwisha, tutaangalia. Njo vile. Hawakusema samahani. Hawakusema kama alikuwa muntu ya haki. Walitoka moja moja, bakaanza kuongea bei ya unga. Kijana moja alifungua kinga ku muti bila kumuangalia mwenye kinga.

Baba wa samaki alinikuta inje. Aliweka kofia, akasema na Kiluba: «Wafwako, mama.» Asante. Kisha akainama kwa mutoto, akataka kusema kitu, na mutoto akapiga kelele ya woga, akakimbia. Yule baba alisimama vile, mukono hewani. Jua bado iko juu, alipanda kinga yake, akakamata njia ya Mulongo. Tulikaa bila samaki mupaka vita ikaisha, na bantu bakauliza sababu gani samaki imekosa.

Nyuma ya vita bwana yangu alirudia, na nikaanza masomo ya mangaribi. Mwalimu moja alikuwa anatufundisha juu ya akili ya muntu. Siku moja alituambia tufunge macho, tueleze mulango ya ile kalasi yenye tunaingiaka kila siku. Moja alisema bluu, mwingine kijani, mi nilisema ya mbao bila rangi, na bote tulikuwa tayari kuapa. Tulifungua macho: ilikuwa ya chuma, rangi nyekundu. Akatuambia kama kichwa si sanduku. Kitu haikai ndani vile uliiweka. Kila mara unakumbuka, unajenga nyumba upya, na mwenye anasimama pembeni anakupokeza matofali. Wewe haujue tena tofali gani ni yako. Na mutoto, akasema, anapokea haraka kuliko mukubwa, juu anataka kufurahisha mukubwa.

Bengine balifurahi, bakaandika. Mi nilipandwa na hasira mupaka nikasimama. «Mwalimu, hii mambo bantu ba masomo banaijua tangu zamani?»

«Tangu zamani, mama.»

«Na hakuna mwenye alifikiri kuisema ku kanisa? Kwa bajuji ku tribinali? Ku kampi? Munaifungia mu kalasi?»

«Mama, tulia. Iko paka somo.»

«Kwako iko somo. Kwangu iko mutoto.»

Akaniuliza ulizo ya haki, namushukuru. «Na weye mama, unajua namna gani kama yako haikujengwa upya?»

Nilienda nayo ku nyumba. Nimefikiri sana. Kofia ya basoda, rangi yake, siijue tena. Mara naiona ya kijani, mara haiko. Kama mvua ilinyesha ile asubui, sijue. Ile nimeacha, simuambie muntu. Lakini basini iko. Nafulia ndani yake mupaka leo. Pahali soda aliipiga teke, aluminium ilibonyea na haikunyooka tena. Maji inabakia pale kama unaimwanga. Na haina tundu.

Mutoto yangu sasa ni mwanamuke, ameolewa, iko na mutoto yake ku mugongo. Baba wa samaki alianza tena kupita kwetu, mara moja moja, amezeeka, kinga ingine. Mutoto yangu anamupikia, anamunawisha mikono, anamuita tata, baba, na heshima. Lakini wakati anamuwekea maji, anaangalia chini, hamuangalie uso. Siku moja alinieleza, analia:

«Mama, najua nilikuwa chini ya basini. Umeniambia, na naamini. Lakini nikifunga macho, namuona pa mulango na taa. Iko anacheka. Na mbwa pia naiona, mama. Ile ya kifua mweupe.»

Hayo njo nabadai bantu ba kanisa. Masini ilipotea, sawa, ni vita. Lakini hii ilifanywa na bantu ba kusali, na mandazi na makofi, ndani ya kichwa ya mutoto, na hakuna mwenye anaweza kuitosha, kuing'oa. Na wao benyewe, wao bamepona! Vichwa yao imewajengea nyumba ya muzuri. Bote balitetea. Kama bote balitetea, nani alimuleta mu ile kalasi? Nani alifunga kinga ku muti?

Kwa hiyo nyuma ya kile kilio, siku ya kusali ya bamama, niliomba ushuhuda. Nilisimama, sikupanda ku kiti. Nilisema: «Mutoto yangu alikuwa chini ya basini. Hakuona muntu. Aliona giza na muchanga, alisikia biatu, na pua yake ilikuwa inatoka. Baba wa samaki hakuwa pale. Na siye hatukumutetea. Tulikuwa tunamupeleka.»

Nilingoja. Ngoma ilinyamaza. Mama wa sombe aliangalia kikwembe yake. Mama kiongozi alikohoa, akafungua kitabu ya nyimbo.

«Amina,» nikasema mwenyewe, nikakaa. Na kama banasahau tena, nitasimama tena.